Maji Yaliyokataa Kichwa cha Asegelile

Habari ilifika kwenye gogo letu kabla umande haujakauka: jana Jumapili, kanisani Matema, maji ya ubatizo yaliteleza juu ya nywele za Asegelile yakaanguka chini yote. Gogo letu liko ufukweni, pale vyungu vya Ikombe vinaposhushwa kwenye mitumbwi. Sisi hatuvishushi. Tunawaelekeza wanaovishusha wanapokosea.

"Sasa tumwite nani?" aliuliza Ambilikile. Huyu tunamwita Samli, maana ana ng'ombe kumi na wawili na kwake hakuna kisichotibika kwa siagi. "Eliya, jina la jana, au Asegelile?"

"Mwite Eli," alisema Zebedayo. "Hiyo 'ya' itaingia nywele zikikauka." Zebedayo tunamwita Bomani. Alimpikia Mdachi wa boma miezi miwili, na tangu hapo anajua kila kitu.

Tulicheka, isipokuwa Asegelile. Alikaa mwisho wa gogo, kichwa kinameta, nzi wawili wamemganda. Harusi yake na Tusekile ilibaki wiki mbili, na baba mkwe, Andrea wa Ipinda, alishasema binti yake hatamtoa kwa mtu asiyebatizwa. Andrea huyohuyo ndiye aliyesimama nyuma yake maji yalipoteleza.

Nilimuuliza alipaka nini. Alisema aliona haya kupiga magoti mbele za watu na nywele zilizokakamaa, ndipo akaomba ushauri hapa kwetu. Samli akampa siagi. Gideoni, mchuuzi wa vyungu tunayemwita Nyonyo, akampa mafuta ya mbegu za nyonyo. Bomani akamwambia aongeze ya mkia wa kondoo, kwa kuwa aliwaona Wazungu wakipaka mafuta mazito. Asegelile hapendi kumuudhi mtu. Alipaka yote.

"Siagi yangu haina kosa," alisema Samli. "Nywele ngumu huinywa kama ndama. Kosa ni la nyonyo."

"Nyonyo ni ya nywele zinazokatika," alijibu Nyonyo. "Za huyu hata wembe unaziogopa. Halafu wewe, Asegelile, nani alikwambia upake kwenye nywele kavu? Unazilowesha kwanza, maji yakishaingia unapaka mafuta kidogo ya kuyafungia ndani. Wewe umefungia ukavu ndani, ubatizo ukauacha mlangoni."

Bomani akaanza kujitoa polepole. Alisema bibi wa Mdachi nywele zake ni laini, zimelala kama ndevu za mahindi, na tone moja humtosha wiki nzima. Yeye alisimulia tu alichokiona, hakumtuma mtu.

"Kwa hiyo sijabatizwa?" aliuliza Asegelile. Nilimhurumia, lakini Andrea mwenyewe alikuwa anakuja, fimbo mkononi.

"Mugonile," alitusalimu. Tulisimama wote. Alimsogelea Asegelile, akamsugua kichwa kwa kiganja, akanusa vidole.

"Nimemuuliza mchungaji. Anasema maji yakigusa yanatosha, hayalazimiki kulala humo. Harusi ipo."

"Ndaga, tata," alimshukuru Asegelile, na machozi yakamtoka waziwazi.

Tulidhani mzee ataondoka. Hakuondoka. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza ni nani aliyempa kijana mafuta yale. Samli alimtazama Nyonyo. Nyonyo alilitazama ziwa.

"Nauliza kwa sababu paa langu linavuja," alisema Andrea. "Nyasi nimebadilisha mara mbili. Jana nilikuwa nyuma yake, na tangu nizaliwe sijaona kitu kinachotema maji namna ile."

"Ni siagi yangu," alisema Samli.

"Siagi inayeyuka juani, tata. Ile ilikuwa nyonyo," alisema Nyonyo.

Bomani alisema bila mkia wa kondoo hivyo viwili havishikani, na kwamba yeye ndiye aliyelifikiria jambo lote tangu mwanzo.

"Vizuri," alisema Andrea. "Basi kesho mje wote na mafuta yenu. Mtapanda juu mpake wenyewe."

Samli alikumbuka ana ng'ombe anayezaa. Nyonyo aliona mtumbwi ambao sisi wengine hatukuuona. Bomani alikuwa ameshafika kwenye migomba. Mimi sikutoa mafuta yoyote, lakini niliona si vibaya kutangulia. Gogoni alibaki bwana harusi peke yake, na mkwe wake akimweleza nyumba ina urefu gani.