Chumba Namba Kumi

Katika mji mzima wa Sumbawanga hapakuwa na mtu aliyeijua sifuri kama Zenon. Sisi wengine tuliiona ubaoni tu. Yeye alikuwa amepewa, tena na chuo kikuu!

Alidisko mwaka wa kwanza. Hiyo ndiyo lugha ya wasomi: ukifeli na kufukuzwa chuo, wanasema umedisko, kana kwamba ulikwenda kucheza muziki. Lakini Zenon hakurudi kama mtu aliyefukuzwa. Alishuka kwenye basi la Mbeya amevaa koti la suti na tai, kalamu zimejipanga mfukoni, akatutangazia kwamba ameachana na chuo kwa sababu hawakuelewana na maprofesa.

"Mlikosana kuhusu nini?" nikamuuliza.

"Kuhusu majibu," akasema.

Miaka ile ya tisini kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ruksa, vyama ruksa, na kila mwenye ukuta aliandika tuisheni. Tuisheni ya fomu foo, tuisheni ya fomu siksi, Kiingereza cha wiki mbili unaongea kama Malkia. Zenon aliwaona hao wote ni wachuuzi wa dagaa. Yeye akaja na papa. Alipata kachumba kando ya jiko kwenye gesti ya Mama Luciana pale Malangali, akatundika kibao juu ya baraza, hapo hapo nilipoweka cherehani yangu: HESABU ZA CHUO KIKUU NA NADHARIA YA KOMPYUTA. MUONE MTAALAMU.

Kompyuta yenyewe haikuwepo. Mzee mmoja alifunga safari kuja kuitazama, amevaa koti lake la kanisani kabisa. Alizunguka nyumba, akachungulia hadi kwenye banda la kuku, akarudi.

"Mwalimu, iko wapi?"

"Shikamoo mzee wangu. Kompyuta ni mawazo. Ile ya umeme ni ganda tu."

"Marahaba. Basi nionyeshe hata hilo ganda."

Mwanafunzi alikuwa mmoja: Beda, mtoto wa Mama Luciana. Beda alikuwa chuo kikuu kweli, na alikuwa amerudi likizo ndefu akiwa na sapu ya hesabu. Sapu ni mtihani wa marudio. Ukiufeli na huo, unafunga godoro lako na kurudi kwenu. Mama Luciana ni mjane, naye alikuwa amemsomesha kijana wake kwa gesti ile ya vyumba tisa na ulezi wa shambani. Alimfuata Zenon kama mtu anayemfuata daktari wodini.

"Mwalimu, mtoto wangu atapona?"

"Mama, sapu kwangu ni mafua!"

Kwa hiyo Zenon akala na kulala pale, na kila asubuhi akamfundisha Beda barazani, kwenye ubao uliokuwa zamani mlango wa kabati. Nilishona magauni ya komunyo huku nikisikiliza mambo ambayo sindano haikuyazoea.

Beda alikwama kwenye seti zisizo na mwisho. Alikwama kama lori la mpunga kwenye tope la Mtowisa. Siku moja akaweka chaki chini, macho yamejaa machozi, akasema atamwambia mama yake amtafutie kazi ya kuuza duka.

Zenon akavua koti.

"Fikiria gesti ya mama yako," akasema. "Ila korido haikomi. Inapita Matai, inashuka Kasanga, inavuka ziwa, inaendelea. Vyumba vyote vina watu. Akaja mgeni mmoja. Utamfukuza?"

"Nitamfukuza, ticha. Si pamejaa?"

"Usimfukuze! Wa chumba cha kwanza ahamie cha pili. Wa pili ahamie cha tatu. Kila mtu asogee mlango mmoja. Haya, nani kakosa chumba?"

Beda akatazama ubao. Akatazama korido ya mama yake. Uso ukamfunguka taratibu.

"Hakuna! Kwa sababu hakuna wa mwisho!"

"Hakuna wa mwisho, mshikaji wangu!"

Mimi mwenyewe nilisimamisha cherehani. Siku ile nilimheshimu Zenon. Watu walisema hajui, nao walikosea. Alijua. Tatizo ni kwamba Zenon akishajua jambo, hatulii mpaka alitumie.

Nafasi ya kulitumia ikaja Jumamosi moja ya Julai, siku moja kabla ya upadrisho wa kijana mmoja wa parokia yetu. Mji ulifurika. Walitoka watu Matai, walitoka Laela, walitoka bondeni. Gesti ya Mama Luciana ikajaa kabla ya mchana, naye akachukua mwiko kwenda parokiani kupika.

"Mwalimu, nakuachia nyumba," akamwambia Zenon. "Mgeni akija mwambie hakuna nafasi. Maneno ni hayo tu."

Maneno hayo tu! Kwa Zenon!

Alasiri pikapu ya parokia ikasimama mbele yetu. Akashuka mama mmoja mwenye miwani na begi dogo. Beda alipomwona akajificha nyuma ya ubao.

"Ticha," akanong'ona, "huyo ni Dakta Hellena. Anafundisha hesabu chuoni. Ndiye aliyenipa sapu!"

Kumbe alikuwa shangazi yake padri mpya, na kwa ndugu zake watu walikuwa wamelala mpaka chini ya meza. Mimi niliona mgeni anayetafuta kitanda. Zenon aliona kazi ya uhadhiri imejileta yenyewe hadi barazani, na begi lake mkononi. Akakaza tai.

"Tumsifu Yesu Kristu," akasema mama.

"Milele amina. Karibu Dakta. Gesti imejaa, na nafasi ipo."

Dakta Hellena akaweka begi chini.

"Imejaa, na nafasi ipo?"

"Dakta, mimi na wewe tunaelewana."

Yule mama akaichungulia korido mpaka mwisho wake, na haikuwa mbali. Akamtazama Zenon. Akavuta benchi langu la wateja, akaketi.

"Hebu nionyeshe," akasema.

Beda akatoa kichwa nyuma ya ubao. "Ticha, samahani. Vyumba vya mama vina mwisho."

"Beda! Ndiyo maana una sapu!"

Dakta Hellena akageuka kumtazama Beda. Alimtazama vizuri, kwa muda. Zenon alikuwa ameshaingia koridoni anapiga makofi kama anayefukuza mbuzi.

Chumba namba moja alikuwemo Adriano, mfanyabiashara wa sabuni, na katoni zake zimefika darini. Akaambiwa ahamie namba mbili. Namba mbili walikuwemo wanakwaya wa kike kutoka Matai na ngoma zao. Wakaambiwa wahamie namba tatu, ambako katekista mmoja alikuwa amelala usingizi wa haki. Akaamshwa. Namba nne mwenyewe alikuwa bafuni, basi mizigo yake ikasogezwa bila yeye. Aliporudi amejifunga taulo, anaimba, akafungua mlango aliouacha, akamkuta katekista kwenye kitanda chake. Akadhani amekosea, akafungua mlango wa kabla yake, namba tatu. Yowe lililotoka kwa wale wanakwaya lilikuwa la sauti nne, tena zimepangwa vizuri.

"Ni mpito tu!" Zenon akapaza sauti. "Mfumo unatulia!"

Katoni za sabuni zilikutana na ngoma katikati ya korido, hazikupishana. Mtu akakanyaga kipande cha sabuni, akateleza toka namba sita hadi namba saba, na huyo ndiye pekee aliyehama bila kulalamika. Hivyo hivyo, mlango kwa mlango, Zenon akafika namba tisa.

Namba tisa alikuwemo Mzee Kija, mfugaji wa Kisukuma kutoka Mtowisa. Kule bondeni ni joto, watu wanalala nje. Huku juu Julai maji ya kunawa yanauma kama mbwa. Mzee alikuwa amejifunga blanketi mbili, na ndiyo kwanza miguu ilikuwa imeanza kupata moto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ng'wanawane. Mwanangu, kuna nini huko nje? Vita?"

"Hapana mzee. Naomba uhamie chumba namba kumi."

Mzee Kija alikuwa mtu wa adabu. Hakuuliza zaidi. Alichukua blanketi, fimbo na redio yake, akaenda hadi mwisho wa korido, akatokea uani. Mlango unaofuata baada ya namba tisa ulikuwa wa choo.

Zenon akarudi barazani anajifuta mikono. "Dakta, namba moja ni yako."

"Na wa mwisho je?" Dakta akauliza.

"Hakuna wa mwisho," akasema Zenon.

Wa mwisho akatokea mlangoni na blanketi zake.

"Kijana," akasema Mzee Kija, "hicho chumba namba kumi nimekiona. Kina mtu."

Zenon hakutetereka. Msomi hatetereki mbele ya msomi mwenzake. "Mwambie ahamie namba kumi na moja."

"Nimemwambia. Amesema mpaka amalize."

Dakta Hellena akatoa leso, akakohoa ndani yake kwa muda mrefu. Hakuwa na kikohozi.

Hapo ndipo Mama Luciana alipofika, mikono imejaa unga. Akakuta ngoma barazani, sabuni koridoni, mtu wa taulo anatetemeka kwenye ngazi.

"Nani kahamisha wageni wangu?"

"Mama, kinadharia hakuna tatizo," Zenon akaanza.

"Kinadharia baba huyu atalala wapi?"

Zenon akalegeza tai. Kijasho kilimtoka, katika baridi ile ambayo hata kuku walikuwa wamekunja shingo. Nikaona anamtazama Beda, kama mwanafunzi anayeibia kwa jirani.

Aliyejibu ni Mzee Kija mwenyewe.

"Kanuni ni nzuri," akasema. "Kila mtu anasogea mlango mmoja. Basi na mimi nasogea."

Akapita jikoni, akafungua mlango wa kachumba cha Zenon, akaingia. Tulisikia fimbo ikiegemezwa ukutani. Tulisikia kitanda kikilia.

"Na wewe sogea, ng'wanawane," ikatoka sauti, tayari ya usingizi.

Zenon akasogea. Akaenda chumbani kwa Beda. Beda akasimama mlangoni, mpole kabisa.

"Ticha, mimi nisogee wapi?"

"Mwanangu hasogei!" Mama Luciana akapiga kelele.

Basi akasogezwa, akasogezwa, hadi akanifikia mimi. Na mimi nina mke, watoto, na vyumba viwili. Zenon alilala jikoni kwangu, kati ya mafiga na mtetea aliyekuwa anaatamia. Mke wangu alimwonya asimsogeze.

Kesho yake baada ya misa, Dakta Hellena alikuja barazani, akamwita Beda kwenye ubao. Mama Luciana akasimama mlangoni, rozari mkononi.

"Gesti isiyo na mwisho inapokea mgeni hata ikijaa," akasema Dakta. "Nani alikufundisha hivyo?"

"Ticha Zenon, Dakta."

"Amekufundisha vizuri. Na kwamba ya mama yako haipokei, nani kakufundisha?"

"Hiyo nimeiona mwenyewe."

"Basi unaelewa. Uliponiandikia mtihani ule ulikariri. Usikariri tena. Njoo ufanye sapu yako."

Mama Luciana akaingia ndani haraka, akidai ameacha chungu motoni. Hakukuwa na chungu motoni. Nilimsikia analia.

Ndipo Zenon akatokea, suti inanuka moshi, nyoya la kuku begani.

"Dakta," akasema kwa sauti ya chini, "kuhusu nafasi ya kufundisha pale idarani kwenu..."

"Imejaa," akasema Dakta Hellena.

Zenon akalitoa lile nyoya begani.

Nadhani yule mama alimwonea huruma, kwa sababu alipokuwa anapanda pikapu alimwambia, "Lakini nitakutaja kwenye mihadhara yangu. Nakuahidi."

Ala! Angejua! Kufikia Jumatatu mji wote ulikuwa na habari. Kinyozi alikuwa nayo, wauza mitumba walikuwa nayo, na paroko alipewa akiwa bado hajavua kanzu.

"Kufundisha kila mtu anafundisha," Zenon alituambia. "Mimi nafundishwa! Chuo kikuu wananisoma!"

Hata mimi nilianza kumshonea kwa heshima zaidi.

Beda alifanya sapu yake, akafaulu. Mama Luciana alipika pombe ya ulezi mtaa mzima ukanywa, na Zenon akahutubia hadi pipa likakauka. Likizo iliyofuata, Beda aliposhuka basi, hakuruhusiwa hata kunawa uso. Zenon alikuwa ameshawakusanya watu barazani: Adriano, aliyekuwa amerudi na sabuni zake, wanakwaya wa mtaani, na wote waliowahi kumtilia shaka.

"Beda, waambie hawa. Dakta ananitaja, hanitaji?"

"Anakutaja, ticha. Mwaka wa kwanza wote wanakusoma."

Baraza likaguna kwa mshangao. Zenon akatugeukia mmoja mmoja.

"Waambie, wananisoma katika mada gani?"

Beda akatazama viatu vyake. "Inaitwa Kosa la Zenon."

"Ni pale mtu anapohamisha watu wote kabla ya kuhesabu milango," Beda akaeleza kwa upole. "Ukilifanya kwenye mtihani, unapata sifuri."

Adriano ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wanakwaya. Kisha Mama Luciana, aliyejishika mlango asianguke. Mimi niliinamia cherehani, lakini mabega yalinisaliti.

Zenon alisimama katikati yetu, tai imepinda. Tulipotulia akamsogelea Beda, akamnong'oneza. Ila baraza lile ni dogo, na wote tulisikia.

"Linaandikwa kwa herufi kubwa?"

"Kubwa, ticha. Zedi kubwa kabisa."