Siku Yangu Moja Ni CD Saba

Kwa Afisa wa Kero za Makelele,

Ndugu Afisa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umelala vizuri. Mimi sijalala, na ndiyo sababu ninakuandikia.

Mimi ni mwoka mikate wa zamu ya usiku. Nalala mchana, kwenye chumba cha ghorofani, juu ya duka la muziki la jirani tunayemwita Besi. Jina hilo hakupewa kwa upole wake. Spika zake zimekaa chini kabisa ya kitanda changu, sakafu tu ndiyo inayotutenganisha, na vikombe vyetu kabatini vimeshajifunza kucheza. Wiki iliyopita nilitia chumvi mahali pa sukari kwenye unga wa keki, na msimamizi akaniambia nikikosea tena nitafute kazi nyingine. Nina watoto watatu, Ndugu Afisa, na wana tabia ya kula kila siku.

Nilikuja ofisini kwako kwa heshima zote, nikaelekezwa vizuri mno. Malalamiko yangu sasa ni haya:

1. Karani wako wa masjala aliniagiza nilete ushahidi wa siku thelathini mfululizo, sauti halisi isiyobanwa, kwenye CD. Flashi alizikataa, eti zinaleta virusi. Basi nikawa naweka simu kando ya mto, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Sauti isiyobanwa inakula megabaiti kumi kwa dakika, kwa hiyo saa nane ni megabaiti elfu nne na mia nane. CD inabeba mia saba tu. Siku yangu moja ni CD saba, na mwezi ni CD mia mbili na kumi. Sikujua kama nateseka kwa wingi kiasi hicho, na ninaishukuru ofisi kwa kunipimia.

2. Mji mzima hakuna tena anayechoma CD. Nilizunguka maduka ya kompyuta hadi soli zikalalamika, na kila nilikoingia waliitana waje kunitazama. Mwenye mashine hiyo amebaki mmoja tu, naye ni Besi. Mfa maji haachi kutapatapa, nikashuka ngazi. Alinipokea kwa uso mkunjufu, akauliza nataka nakala ngapi.

3. Niliomba nipunguziwe mzigo kwa DVD. Karani alikubali, kwa sharti la DVD moja kwa siku moja. DVD inachukua gigabaiti nne nukta saba. Siku yangu ni nne nukta nane. Besi akanieleza, bila kinyongo, kwamba hata hiyo nne nukta saba ni ya kwenye boksi tu. Kompyuta inaisoma nne nukta tatu saba, kwa kuwa kiwandani gigabaiti huhesabiwa kwa elfu, na kompyuta huhesabu kwa elfu moja na ishirini na nne. Hayo ya kompyuta karani hakutaka kuyasikia. Alinishauri nianze kuteseka saa moja na dakika kumi. Nikamweleza kwamba Besi hufungua saa moja kamili, nami siwezi kumchelewesha mtu na riziki yake. Tukarudi kwenye CD.

4. Besi ni fundi mwaminifu. Hakabidhi CD bila kuijaribu, na huzijaribu asubuhi anapofungua duka, dakika za mwanzo tu, kwa spika zilezile, sauti hadi mwisho. Kwa hiyo kelele za Jumanne nilizisikia tena Ijumaa. Nazo, kwa mujibu wa maagizo yako, ni kelele, zikaingia kwenye rekodi ya Ijumaa, ambayo ilichomwa na kujaribiwa Jumatatu. Nilimuuliza karani zitaishia wapi, akasema hilo si la idara yake.

5. Nilipozileta zote, maboksi mawili ya hamira, ikabainika kwamba kompyuta za ofisi hazina tundu la CD. Karani akatumwa atafute mahali pa kuzisikilizia. Akapapata. Kwa Besi! Nilimwona kwa macho yangu, amesimama kaunta, akisikiliza wimbo wa kwanza wa CD ya kwanza huku kichwa kikitikisika na mguu ukiitikia. Taarifa yake inasema hakuna kero iliyobainika. Hapo, Ndugu Afisa, nilikasirika, na hadi sasa nimekasirika.

Kwa hayo yote ninaomba jambo dogo. Afisa mmoja, mwenye afya njema, aje alale kitandani kwangu mchana mmoja. Binadamu habanwi wala hagawanywi. Kelele za saa nane zitamwingia zote, na akirudi ofisini hatahitaji tundu. Shuka zitakuwa safi. Kama hilo ni gumu, basi ofisi itamke rasmi usingizi wa mtu mzima ni megabaiti ngapi, nami nije na CD zangu tupu nichukue haki yangu.

Nisalimie karani, dada wa mapokezi aliyenipa kiti chenye mto, na mlinzi wa geti aliyenibebea boksi la pili. Watoto wanakuamkia, hata yule mdogo anayecheza nyimbo za Besi mbele ya baba yake bila haya.

Ni mimi, niliyechoka kwa niaba ya familia,
Mwoka Mikate, ghorofani kwa Besi

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta bahasha, mama watoto alichukua simu akasikiliza rekodi katikati, mahali ambapo karani na mimi hatukuwahi kufika. Muziki unasikika kwa mbali, kama uko mtaa wa pili. Kinachosikika karibu ni mkoromo wangu, tangu saa moja na robo hadi saa tisa, bila mapumziko. Ya chumvi nitatafuta namna nyingine ya kuyaeleza. Tafadhali mnirudishie maboksi kabla hayajafunguliwa tena. Nimeshuka kumwomba Besi radhi; akacheka sana, akasema aliongeza sauti mwezi ule tuliohamia, wateja walipoanza kumuuliza ni mashine gani hiyo huko juu. Jumatatu anakuja kwako na lalamiko lake. Kwa ujirani mwema nimemwonya juu ya masharti yenu ya ushahidi. Amesema nisijali, wake mnao tayari.