Jinsi Nilivyozunguka Dunia Karibu Mara Nne kwa Pikipiki ya Ooko

Metrine Nakhungu,
Nyumba za Bi. Zeituni, mlango wa tano,
Mamboleo, Kisumu.

Kwa Afisa,
Dawati la Marupurupu ya Wafanyakazi,
Ofisi ya Kodi.

Bwana Afisa,

KUH: KODI YA SHILINGI 312,000 KWA KOSA LA KUFIKA KAZINI

Mimi ni mjane wa marehemu Waliaula, na ni mkaguzi wa samaki katika kiwanda kidogo karibu na ufuo wa Dunga. Kazi yangu ni kufunua matamvua ya mbuta na kusema kama amekufa leo au jana. Mshahara wangu ni shilingi elfu ishirini na nane, na nyinyi mnaujua vizuri kuliko mimi, kwa maana mnauona kabla yangu. Nakuandikia kwa heshima zote. Ukiona heshima imepungua huko chini, hesabu kwamba nayo imekatwa kodi.

Barua yako ilinifikia Jumanne kupitia kwa Gordon, mhasibu wetu, aliyeishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota samaki wa juzi. Nimeisoma mara tatu. Inasema kwamba kwa miaka miwili mwajiri amekuwa akinilipia usafiri kutoka nyumbani hadi kazini. Kwamba usafiri huo ni faida. Na kwamba faida ina kodi yake. Kwa kuwa Gordon hakuonyesha gharama yenyewe (aliitia kapu moja na barafu), mmekadiria kwa umbali. Umbali mmeutoa kwenye fomu niliyojaza mwenyewe, palipoulizwa makazi yangu ya kudumu, nami nikaandika: Chwele, Kaunti ya Bungoma.

Ni kweli niliandika. Kila mtu kiwandani aliandika hivyo. Ukimuuliza mtu wa huku makazi yake ya kudumu, hakutajii chumba cha kupanga. Anakutajia mahali lilipo kaburi la baba mkwe. Dorca wa mizani aliandika Kendu Bay. Mpishi wa chai aliandika Vihiga. Badru wa barafu peke yake ndiye aliyeandika Kisumu, kwa sababu babu yake alikuja hapa na reli na hawana kwingine. Kila Desemba sisi humwonea huruma tukifunga mizigo kwenda nyumbani, yeye akibaki kuhesabu vipande vya barafu. Mwaka huu Badru anadaiwa shilingi elfu tisa, na sasa ni zamu yake kutuonea huruma. Anaifanya kazi hiyo kwa bidii.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba nimesafiri. Kwa hesabu yenu, kutoka Chwele hadi Dunga ni kilomita mia moja na thelathini. Nenda na rudi, siku mia tatu kwa mwaka, miaka miwili: Gordon alibonyeza kikokotoo chake akapata kilomita 156,000. Binti yangu aliye Gredi ya Nane akaniambia hiyo ni karibu mara nne kuzunguka dunia. Nilijiona mtu mkubwa kidogo. Nikamtafuta Ooko, ambaye ndiye hunibeba kwa pikipiki na kulipwa na kiwanda kila Ijumaa, nikamuuliza kama anaikumbuka safari yoyote kati ya hizo.

"Mama, hii pikipiki hata Maseno haijawahi fika," alisema.

Naomba Ooko apewe nishani kwa kuifikisha pikipiki hiyo mbali namna hiyo bila yeye mwenyewe kujua. Kama nishani nayo ni faida, basi apewe mkono tu.

2. Kwamba nimefaidi. Bwana Afisa, mwajiri wangu hakunilipia pikipiki kwa mapenzi. Boti hufika ufuoni alfajiri, na samaki hamngoji mkaguzi. Zamani tulikuwa tukitembea gizani, mpaka siku Dorca alipoporwa njiani akaja kazini bila simu na bila meno mawili ya mbele. Ndipo kiwanda kikaamua kutulipia watu wa pikipiki. Meno ya Dorca hayakurudi, lakini naona kwenye barua yake kwamba naye amefaidi. Mimi mwenyewe hufaidi nikiwa nimekumbatia sanduku la vipimajoto na vitabu vya ukaguzi, mali ya kiwanda, ambavyo Gordon haamini kuviacha kule usiku. Mvua ikinyesha, sanduku ndilo linalofunikwa. Kama hiyo ndiyo faida, naomba unitajie hasara mapema ili nijiandae.

3. Kwamba kuna upendeleo. Mbuta naye hutolewa ufuoni hadi kiwandani kwa gharama ya mwajiri. Yeye husafiri amelala, juu ya barafu, na akifika hupokewa na watu wanne. Sijasikia ameandikiwa barua. Sina kijicho, ila nimefanya kazi naye miaka mingi na najua hata kitambulisho hana.

4. Kwamba sina pa kukimbilia. Nilipofika ofisini kwenu kuuliza, nilishauriwa kuhamia karibu na kazi. Nimelifikiria jambo hilo kwa uaminifu. Nikilala kiwandani, mwajiri atakuwa amenipa nyumba, na nyumba ni faida. Nikija kwa miguu, nitavaa gambuti alizoninunulia yeye, na gambuti ni faida. Nikija pekupeku nitakatwa na chupa, anipeleke kliniki, na kliniki ni faida kubwa. Nimepiga hesabu pande zote nikaona kwamba mfanyakazi asiye na kodi ni yule ambaye hajaenda kazini. Nilimweleza Gordon uvumbuzi huu, naye akasema huyo pia mmemwandikia barua, ingawa aliachishwa kazi mwezi wa tatu.

5. Kwamba mna haraka. Katika kiwanda chetu mfanyakazi akifa, mwajiri hutoa gari la kumpeleka nyumbani. Siku yangu ikifika nitatoka Dunga hadi Chwele kwa gharama ya mwajiri, kilomita mia moja na thelathini za kweli, na safari hii nitakuwa nimelala kama mbuta. Naomba watoto wangu wasiandikiwe barua kaburini. Safari hiyo muitoe kwenye zile 156,000 ambazo nitakuwa nimeshazilipia. Bado zitabaki za kutosha kuuzika ukoo mzima, pamoja na wakwe.

6. Kwamba ukweli uko wazi. Mimi, Bwana Afisa, ni mtu wa Mamboleo. Nimeishi mlango wa tano kwa miaka kumi na mmoja. Nimeambatisha barua ya mwenye nyumba, Bi. Zeituni, anayeshuhudia kwamba mumewe alipofariki niliosha sufuria matanga yote, na kwamba namba yangu kwenye foleni ya maji ni ya tatu na haijawahi kupingwa. Watoto wangu wamezaliwa hapa. Chama changu kiko hapa, na madeni yangu yote yako hapa, isipokuwa hili lenu ambalo limekuja kwa njia ya Chwele.

Na huko Chwele nina nini? Nina kuta nne zilizofika juu ya madirisha zikakwama pale Waliaula alipofariki, miaka mitatu iliyopita. Hazina paa. Wanaolala humo ni kuku wa jirani. Mimi hufika mara mbili kwa mwaka, na kabla sijaweka mfuko chini huulizwa ninarudi lini. Shemeji yangu Wakhungu, ambaye ng'ombe wake wamefungwa kwenye ukuta wangu wa nyuma, amekuwa akisema miaka hii yote mbele ya wazee kwamba mimi ni mtu wa Kisumu na sina nyumbani pale. Sikudhani ningeiona siku ya kumwita Wakhungu shahidi wangu, lakini kodi huwapatanisha watu. Muulizeni. Atawajibu kwa furaha, na nauli atajilipia mwenyewe.

Kwa hayo yote, ombi langu ni dogo. Terry wa kaunta yenu, binti mwenye adabu, alinipa fomu ya marekebisho. Nikitia saini, mtahesabu kutoka Mamboleo badala ya Chwele, na deni litashuka kutoka laki tatu na elfu kumi na mbili hadi elfu ishirini na nne. Hizo naweza kuzilipa kabla ya Krismasi bila mtoto kutolewa shuleni. Fomu yenyewe ni fupi. Inasema: "Natamka kwamba makazi yangu ya kudumu ni Mamboleo, Kisumu, na kwamba sina makazi mengine ya kudumu popote." Nilimuuliza Terry kama naweza kukata maneno ya mwisho, nikaacha yale ya mwanzo.

"Mama, chagua moja," aliniambia kwa upole. "Kompyuta haina nafasi ya mbili."

Nimechagua. Hoja zangu sita zimethibitisha, tena kwa ushahidi wa shemeji, kwamba Chwele si kwangu. Fomu nimeiweka ndani ya bahasha hii. Naomba uipokee, urekebishe kompyuta, na uniache niendelee kukumbatia vipimajoto vyangu kwa amani.

Nisalimie wote hapo ofisini: Terry wa kaunta, askari wa mlangoni aliyenishikia mwavuli, na yule bwana aliyenipa ushauri wa kuhama, ambaye natumaini anaishi karibu na kazi. Hapa Dorca anawasalimu kwa tabasamu lile alilobaki nalo. Gordon anawasalimu kwa woga, Ooko anauliza nishani iko wapi, na Badru anasema pole kwa wote.

Ni mimi wako mtiifu, niliyekwisha kukatwa,
Metrine Nakhungu Waliaula.

N.B. Nilikuwa nimefunga bahasha nikaifungua tena. Ukitazama hiyo fomu utaona kwamba pa saini ni peupe. Si kwamba nimesahau. Niliketi nayo mezani jioni nzima, nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu kwenye karatasi nyingine kujaribu, na mkono ukakataa. Wakhungu amenisema miaka mitatu kwa mdomo tu, na mdomo wazee huweza kuupuuza. Alichokosa ni karatasi. Nikimwandikia karatasi hii kwa mkono wangu, yenye muhuri wa serikali, kwamba sina kwingine popote, ng'ombe wake wataingia ndani ya kuta zile kabla ya mwezi kwisha, na watoto wa Waliaula watakuwa kama Badru, ila wao hawajazoea. Nami sijui lile gari la kiwanda litanishusha wapi.

Kwa hiyo yote niliyoandika kutoka namba moja hadi sita yafuteni. Nilisafiri. Kila alfajiri nilitoka Chwele, na kila jioni nilirudi Chwele, na Ooko ni msahaulifu. Kateni shilingi elfu tano kila mwezi. Gordon anasema itachukua miaka mitano na kidogo. Paa litangoja.

Nina sharti moja tu. Nataka risiti kila mwezi, yenye muhuri, na kila risiti iandikwe kama fomu yangu ya kwanza ilivyoandikwa: makazi ya kudumu, Chwele. Gordon ameshazihesabu. Zitakuwa sitini na tatu, na kila Desemba nitakwenda kumsomea Wakhungu za mwaka huo mbele ya wazee.