Mchoro Usiosomeka wa Kompyuta ya Baba

Ijumaa hiyo Mheshimiwa alikuja na habari, na Mheshimiwa akija na habari hakuna mtu atakunywa chai kwa amani. Tulikuwa pale petu pa kawaida, Hindawiya, hapa Jeddah, kwenye benchi la bakala, kale kaduka ka Myemeni, chini ya kiyoyozi kinachomdondoshea maji yeyote anayechelewa kufika. Hata hajakaa, akaanza kutusomea kwa simu. Ati kule Uropa kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, zile zilikuwa zinachomekwa kwa televisheni na kulishwa kanda za kaseti, imeuzwa kwa mnada. Bei yake unanunua ploti Kitengela na unabaki na ya geti.

Huyu jina lake ni Zacharia, dereva wa lori la maji. Tunamwita Mheshimiwa kwa sababu aliwahi kuwania udiwani kwao, akashindwa, akaja Jeddah, lakini hotuba hazikumtoka. Ndiye pia adimini wa grupu letu la Wakenya wa huku, kazi anayoifanya kwa moyo wote, Mungu amsamehe.

Mimi nilisema ni uongo, hakuna mtu timamu ananunua kitu hakina hata kamera. Injinia, mwenzetu wa benchi hilo hilo, akanijibu kwamba mimi sina historia. Tukaanza kuvutana, mpaka Fidel akaweka kikombe chini.

"Rudia hapo kwa bei," akasema.

Mheshimiwa akarudia. Fidel akafunga macho.

Wacha nieleze. Fidel ni dereva wa nyumba moja kule mtaa wa Safa. Mdosi wake, ambaye yeye humwita Baba na sisi tumezoea hivyo hivyo, anayo kompyuta ya aina hiyo hiyo. Alinunuliwa na marehemu babake akiwa mdogo, na anaiweka kwa kabati la vioo. Wiki iliyopita Baba alienda Riyadh kikazi, akamwambia Fidel aipanguse vumbi. Fidel akapangusa. Halafu akaona haitoshi, lazima Baba akirudi aone kwamba huyu dereva ni mtu wa maana, akaichomeka kwa ukuta ajue kama inawaka. Mashine ni ya umeme wa mia na kumi. Ukuta ni wa mia mbili na ishirini. Iliwaka kidogo, kisha ikatoa moshi.

Na harusi ya Fidel ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata, huko kwao Webuye. Imeahirishwa mara mbili kwa sababu Baba alikataa kumpa ruhusa ya kutoka na kurudi, na bibi harusi ameshasema hakuna ya tatu. Safari hii Baba alikuwa amelegea, akasema nikirudi Jumapili tutaongea. Sasa arudi apate mashine ya marehemu babake inanuka kama mandazi yameungua. Hiyo ruhusa Fidel angeisikia tu kwa watu wengine.

Kwa hivyo tulikuwa tunatafuta mchoro wa saketi. Injinia ndiye alisema hivyo. Huyu ni Bonface, askari wa geti kwenye jengo linalojengwa, aliyesomea umeme mpaka karo ikaisha. Alikuwa ameifungua mashine akapata kidude kimoja, pale umeme unapoingilia, kimeungua hadi rangi zake zikapotea. Bila mchoro, akasema, hawezi kujua kilikuwa cha kipimo gani. Michoro kwa mtandao ilijaa, lakini yote ilikuwa fotokopi ya fotokopi. Mistari imeshikana, namba zimevimba, na mahali kuna nukta hujui kama waya zimeungana au ni nzi alitua.

Tuliokolewa na Lewis, fundi wa simu kule Sulimaniya, Riyadh. Asubuhi hiyo mteja wake mmoja mzee, mwenye mashine kama hiyo, alikuwa amepita na mchoro wa karatasi, safi, kila namba inasomeka. Lewis akaupiga picha. Lakini badala ya kumtumia Injinia akamtumia Mheshimiwa, kwa sababu huku kwetu hakuna kitu kinapita bila adimini. Basi tulikuwa tunaungoja ufike.

Simu ya Injinia ikalia. Akatazama kwa muda.

"Hii ni nini?" akauliza.

Nikainama nione. Niliona waridi za manjano, nikaona maandishi yanayosema Ijumaa Njema Yenye Baraka, na kwa nyuma kabisa ukungu fulani.

Ikabidi tufanye uchunguzi. Mheshimiwa akasema yeye hana lawama, ameitupa tu kwa grupu jinsi ilivyo, baada ya kuongeza maneno machache. Nikamwambia asome hayo maneno. Akakohoa, akasoma: "Ndugu yetu Fidel ameunguza kompyuta ya mdosi wake na anaoa Jumamosi ijayo. Anayeweza kuusoma mchoro huu amwokoe. Tafadhali sambaza."

Fidel akasema yeye hakuomba ielezwe hivyo. Mheshimiwa akamjibu kwamba watu hawasambazi kitu hakina hadithi.

Kumbe Injinia, kwa kuwa simu yake ilikuwa imejaa, alikuwa ametoka kwa grupu tangu mwezi uliopita, na anategemea Selipher amtumie vya maana. Selipher anafanya kazi kwa nyumba moja Riyadh. Bando lilikuwa linaishia, picha ikakataa kufunguka, akaipiga skrinshoti ikiwa bado ndogo, akabandika maua, akatuma. Tukamwuliza maua ni ya nini. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, na watoto wa mdosi wanalia nyuma yake: "Kwani mlitaka niamkie watu na waya tupu?"

Tukamrudia Mheshimiwa atoe ile yake ya kwanza. Alikuwa ameifuta, ati si iko kwa grupu. Kwa grupu ilikuwa imeshafunikwa na mahubiri matatu na tangazo la sukuma wiki, na ulipoibonyeza ilikuambia umtafute aliyeituma. Lewis naye ameshafuta, kwani alijua adimini anayo. Na yule mzee alikuwa ameondoka na karatasi yake.

Injinia akasema haina noma, atasoma hiyo hiyo. Akaigeuza simu, akaivuta, akaikinga jua kwa kofia.

"Hapa ni nane," akasema.

Mimi niliona tatu. Fidel akaona ni jani la waridi. Mheshimiwa akapendekeza tupige kura, na niamini nikikuambia kwamba tulipiga. Nane ikashinda. Fidel akauliza kama tumekosea mashine itakuwaje, Injinia akamwambia italipuka tu kidogo.

Nilikuwa nimeanza kukasirika kwa kweli. Mtu anapoteza mke hapa na sisi tunahesabu mikono. Ndipo ikaingia sauti ya Valary. Valary ni yaya, ana mwezi mmoja tu Safa, na alikuwa na furaha ya mtu aliyesaidia.

"Msijali tena kuhusu mchoro," akasema. "Nimemwonyesha madam wangu ile picha ya maua Selipher alinitumia, nikamtafsiria na yale maneno yote ya grupu. Ameambia ndugu yake, ati anapenda sana hizi mashine za kitambo. Ameshamtumia."

Nikauliza ndugu yake ni nani.

"Safa nzima mimi najua mtu mmoja tu anayependa hizo mashine," Fidel akasema, na simu yake ikalia.

Alisimama kabla ya kupokea, kana kwamba Baba anamwona. Mheshimiwa akamsaidia kubonyeza spika. Baba huchanganya Kiarabu na Kiingereza, mimi nakupa kwa Kiswahili, ila aiwa ya Fidel, yaani ndiyo, naiacha.

"Fidel, nimetumiwa picha ya maua."

"Aiwa, Baba."

"Nyuma ya maua kuna mchoro wa kompyuta yangu."

"Aiwa, Baba."

"Dada yangu anasema unaoa. Mara ya kwanza uliniomba ruhusa kwa sababu nyanya yako amefariki. Nikakupa pole. Mara ya pili nyanya amefariki, nikafikiri ni wa upande mwingine. Juzi ukaniambia ni nyanya."

Hakuna aliyemtazama Fidel. Sote tumewahi kuzika nyanya huku.

"Kwa hivyo hajafa?" Baba akauliza.

"Hajafa, Baba. Ako fiti kabisa."

"Alhamdulillah," Baba akasema, na nilisikia kwamba ametoa pumzi kweli. Akaendelea kwamba mchoro wa kompyuta uko kwa droo, chini ya kabati lile lile, miaka yote, na angeulizwa angesema. Mashine itatengenezwa Fidel akirudi. Ruhusa anaitoa leo leo. Harusi ni harusi, mtu hawezi kuizuia.

"Lakini utanitumia picha," akasema. "Wewe, mke wako, na nyanya katikati. Iwe safi, nimwone uso vizuri huyo mama. Nimemwombea sana."

"Aiwa, Baba."

Simu ikakatika. Nilifurahi, siwezi kuficha, nikamshika Fidel bega na kumwambia mabruk, hongera, umeoa. Myemeni akatuletea chai bila kuitishwa. Lakini Fidel hakuwa amekaa.

"Nini tena?" Injinia akamwuliza.

"Nyanya alikufa nikiwa darasa la nne," Fidel akasema. "Yule mwingine hata sikumpata."

Kisha nikasikia vidole vya Mheshimiwa kwa skrini, na sauti yake ikisoma polepole anavyoandika: "Inahitajika nyanya wa haraka, pande za Webuye, anayetokea vizuri kwa picha. Tafadhali sambaza."

Nikanyoosha mkono nimnyang'anye simu. Alikuwa ameshatuma.

Wa kwanza kujibu alikuwa Valary. Alisema yeye hana, lakini ameshamwuliza madam.