Shikamoo ya Juu ya Mgunga

Leo nimejiaibisha mbele ya kijiji kizima. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa jirani yangu Mama Elibariki, maana yule ataongeza chumvi. (Ingawa ya leo hata chumvi haihitaji.)

Mnajua mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kulinda hifadhi ya chemchemi, kule juu ya Endasak. Zamani pale palikuwa na miti mikubwa. Watu wakaimaliza kwa mkaa, mbuzi wakamaliza iliyochipua, chemchemi ikabaki tope. Sasa tunajitolea kuirudisha ile miti ya asili. Tumezungushia uzio wa miiba, tumepanda miche ya mikuyu na mizeituni mwitu. Wapo wanaosubiri tushindwe ili eneo ligawanywe wapande mahindi. Na wapo waliosema mwanamke hawezi ulinzi wa msitu. Aliyewanyamazisha mkutanoni ni baba mkwe wangu, Mzee Tluway. Alisimama akasema, "Mkwe wangu haogopi kitu." (Pole, baba.)

Wiki iliyopita nilimrudisha Gidamis, mfugaji wa Kibarbaigi, pamoja na ng'ombe wake waliokuwa wameingiza pua tu kwenye hifadhi. Nilimsomea sheria ndogo zote, mbele za watu, kwa sauti. Mifugo ya mtu yeyote hairuhusiwi! Yeyote! Alinisikiliza kwa adabu, akaondoka.

Leo ilikuwa siku ya kupalilia. Nikatangulia peke yangu kuangalia uzio. (Katibu mchapakazi.) Nikakuta miiba imesukumwa, kuna pengo kubwa. Nikaingia. Kimya. Halafu nikasikia kitu kinapumua kwenye kichaka. Si pumzi ya mbuzi, jamani. Pumzi nzito, kama ya mtu mnene aliyelala chali. Matawi yakatikisika. Nikaona mgongo mweusi unapita chini ya majani.

Na juzi tu watu walikuwa wanasema kuna fisi ameshuka kutoka mlimani. Nikaokota jiwe, nikarusha. Kile kitu kikaguna, kikanijia!

Sijui nilipandaje. Nilichojua ni kwamba niko juu ya mgunga na buti moja limebaki chini. Mgunga, ndugu zangu! Miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia! Wakati napanda sikuusikia hata mmoja. Nilipotulia, yote ikajitambulisha. Nikajaribu kusogea, sketi ikasema chwaa! Ikapasuka kuanzia gotini hadi sehemu ambayo sitaitaja.

Hapo nikapiga yowe.

Huku kwetu yowe si mchezo. Ukipiga, kila mwenye miguu anakuja. Nikasikia linapokelewa ng'ambo ya korongo, likapokelewa tena chini barabarani. Bodaboda zikaanza kunguruma. Watu wakatokea na fimbo, mapanga, majembe. Mama mmoja alikuja na mwiko wenye ugali. (Alikuwa anapika, hakutaka kupoteza muda.) Gidamis akaja mbio na mkuki wake. Yule yule niliyemrudisha!

Lakini aliyefika wa kwanza chini ya mti ni Mzee Tluway.

Jamani, mimi baba mkwe wangu hata kigoda anachokalia sikikalii. Nikimwamkia nainama. Leo niiname niende wapi? Nikakumbatia tawi, nikasema kwa heshima zote:

"Shikamoo, baba."

Akainua uso, akaushusha haraka, akalitazama shina.

"Marahaba, mwanangu. Habari za asubuhi?"

"Nzuri, baba."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Watu wanazidi kufika.

"Na huko juu kuna nini?"

"Huku hakuna kitu, baba. Kuna fisi huko chini. Kwenye hicho kichaka."

Wanaume wakakizunguka kichaka. Gidamis akanyanyua mkuki. Vijana wakaanza kupiga matawi kwa fimbo. Fisi akatoka.

Fisi alikuwa nguruwe.

Nguruwe jike, mweusi, sikio la kushoto limekatika ncha. Nilimjua kabla hajamaliza kutoka. Ni wangu! Yule aliyetoroka bandani, mume wangu Paulo akamtafuta hadi barabara ya lami akamkosa. Nyuma yake vikatoka vitoto. Vikaongezeka. Vikaongezeka tena. Amezalia hifadhini! Na kitanda ametandika kwa miche yetu. Ameing'oa, ameipanga vizuri, amelala juu yake.

Kila mtu alimtambua. Lile sikio linajulikana kijiji kizima. Gidamis akashusha mkuki taratibu, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Katibu, huyu ana kibali?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Tluway peke yake hakucheka. Alikohoa. (Kikohozi kile nakijua, baba.) Akagonga fimbo ardhini.

"Wanaume wote, tazameni mlima!"

Wakageuka wote, wakautazama Hanang kama vile ndiyo wanauona leo. Mabega yanatikisika tu. Gidamis, akiwa amenipa mgongo, akavua shuka lake la juu akalirusha nyuma. Mama Elibariki akalidaka, akanipandishia kwa mpini wa jembe. Nikajifunga, nikashuka, mwiba kwa mwiba.

Nilipofika chini nikalia. Kweli nililia, na si kwa sababu ya miiba. Ile miche tuliibebea maji kichwani kiangazi chote, na nguruwe aliyeiharibu ni wangu. Nikasema mbele ya wote kwamba sheria nilizomsomea Gidamis zinanihusu na mimi, na kila mche nitaupanda upya kwa mikono yangu.

"Mikono ipi?" akauliza Mama Elibariki. "Hiyo iliyojaa miiba?"

Mzee Tluway akawatazama watu waliojaa pale. "Tumeshafika," akasema, "na majembe tunayo. Tunarudi nyumbani kufanya nini?"

Wakaanza kuchimba! Hata mmoja wa wale wanaolitaka eneo kwa mahindi alichimba, huku anajifanya ananyoosha mgongo tu. Miche iliyokuwa bado na mizizi ikarudishwa ardhini, mingine tukaileta kutoka kitaluni. Mwiko ukatumika kushindilia udongo. Gidamis akaziba pengo la uzio, kazi safi kuliko yetu. Vitoto vya nguruwe vikabebwa ndani ya makoti hadi nyumbani, mama yao anafuata nyuma analalamika njia nzima.

Mikutano yangu yote ya kuhamasisha haijawahi kuleta hata nusu ya watu wale.

Sasa ni jioni. Shuka la Gidamis nimelifua, liko kwenye kamba. Paulo ananitoa miiba kwa pini na kila akitoa mmoja anacheka upya. Mwenyekiti wa kikundi naye amepiga simu, amefurahi sana. Anauliza kama Jumamosi ijayo naweza kupiga yowe tena.

Nimemjibu yowe nitapiga, ila juu ya mgunga atapanda yeye.