Projekta ya Shemeji Imegeuza Sebule Yangu Kuwa Duara

Kijiji cha Didia,
Shinyanga.
14 Novemba

Kwa Ndugu Athanas,
Msimamizi wa Duara,
Rwamgasa, Geita.

Ndugu Shemeji,

YAH: OMBI LA KUJA KUCHUKUA MTAMBO WAKO, ILI NAMI NIKURUDISHIE MTU WAKO

Shikamoo shemeji. Sisi hatujambo, isipokuwa hatulali. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unacheka kabla sijamaliza, na jambo hili si la kucheka. Mwanao Limi yuko mgongoni ninapoandika, kwa hiyo ukiona mstari umepinda ujue amenivuta nywele.

Utakumbuka Limi alipozaliwa kila mtu alileta zawadi. Mama mkwe alileta mbuzi. Wewe ukaleta projekta ya zamani, ile mliyokuwa mnaonyeshea mpira kambini, huko kwenye maduara yenu ya dhahabu, kabla hamjanunua televisheni kubwa. Nilishukuru kwa mikono miwili. Leo naomba kurudisha mkono mmoja, kwa sababu hizi:

1. Kelele. Ikiwashwa, feni yake inaunguruma kama karasha linalosaga mawe. Watu kwenye filamu wanafungua midomo tu, sisi tunakisia. Juzi bwana harusi amekufa na mpaka leo hatujui aliuawa na nani. Limi akilala ni dakika kumi, anashtuka, analia, na mimi nalia naye kidogo ili asijione mpweke. Nikimwambia mume wangu, mdogo wako Ngusa, ananijibu: "Mama Limi, hiyo si kelele. Hiyo ni mashine inahema." Mtu aliyelala miaka sita pembeni ya jenereta usimuulize kelele ni nini.

2. Joto. Nyumba yetu unaijua, ni bati bila dari. Hilo bati peke yake lilikuwa linatutosha. Sasa na projekta nayo inatoa pumzi ya moto ubavuni, mtoto ametokwa na vipele shingo nzima. Ngusa alipoona nimekasirika kuhusu kelele, akaifunika na shali ya Limi. Kweli ilinyamaza, robo saa. Kisha ikawaka taa nyekundu, ikajizima, shali ikanuka kama chapati iliyosahauliwa. Nikamwambia kitu kinachohema hakizibwi pua. Akaniambia amenielewa. Shemeji, balaa lilianzia hapo alipoelewa.

3. Alivyoelewa. Alisema, "Kumbe tatizo ni hewa! Hewa mimi ndiyo kazi yangu." Kesho yake akaja na mpira ule mpana wa plastiki mnaoshushia hewa chini ya duara, pamoja na mashine yake ya kupulizia. Akatengeneza sanduku la mbao, ndani akabandika sponji ili lizuie sauti. Sponji aliitoa kwenye mto wangu. Mto wangu sasa una shimo la mraba. Projekta ikaingizwa sandukuni, mpira ukatoka nao joto mpaka dirishani, na huko dirishani mashine ikawa inavuta. Nakiri, projekta haisikiki tena. Inayosikika ni hiyo ya dirishani, na inasikika hadi zahanati.

4. Matimba. Sanduku limekuwa zito, kwa hiyo amelishikiza kwa magogo manne, sakafuni mpaka kwenye kenchi, vilevile mnavyozuia udongo usiwaangukie. Mama mkwe alipokuja aliingia ameinama, akashika gogo la kwanza, akashika la pili, akaniuliza kwa upole: "Mayu, humu mnachimba nini?" Nikamkaribisha kiti, kati ya gogo la pili na la tatu.

5. Jirani. Mpira unapulizia upande wa Mama Violeth, juu ya mkeka wake wa michembe. Nilikwenda kumwomba radhi, nikakuta ameshasogeza mkeka wa pili. Viazi vyake vinakauka kwa siku moja. Siku hizi nikizima tu, anaita kutoka uani: "Mama Limi! Leo hamuangalii hata kafilamu kadogo?" Kwa hiyo sina hata mtu wa kulalamika naye.

6. Rashi, kama zile za watu kukimbilia dhahabu mpya huko kwenu. Naomba hapa uketi. Jumamosi mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Watu wanaotoka mnadani wakaona mpira, mashine ya hewa, matimba, na ndani mwanaume wanayemjua ni wa Rwamgasa na hajarudi kazini. Wewe ungefikiri nini? Kufika saa sita uwanja umejaa wanaume wenye sululu. Mmoja aliniuliza kwa adabu zote kama nafasi bado zipo. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Maige, akaja kutuliza watu. Nikamwingiza ndani ajionee mwenyewe kwamba ni projekta. Akakaa, akapendezwa, akaangalia filamu mpaka mwisho kwenye lile joto. Alipotoka shati limemganda, uso una vumbi, anayumba. Akawapita wote moja kwa moja kwenda kutafuta maji. Watu wakasema, "Ameshuka huyo! Tazama jasho!" Sasa nina mashimo mawili nyuma ya choo na moja katikati ya tuta langu la viazi.

7. Hili la mwisho linakuhusu wewe zaidi. Ngusa alikuja kwa wiki mbili. Hii ni ya saba. Kila siku unapiga simu kuuliza anarudi lini, na kila siku anakujibu hawezi kuacha mke na mtoto na mtambo unaochemka. Anashinda nyumbani, bisibisi nyuma ya sikio, Limi kifuani. Alipofika mtoto alimlilia kama mgeni. Sasa akienda chooni tu analiliwa. Mchana Limi halali mahali pengine ila kwenye kifua hicho, na baba mtu anabaki ameganda kama sanamu, anapumua kwa vipimo ili asimwamshe. Hebu niambie, shemeji, mchimbaji wa namna hiyo atakufaa nini?

Basi utaona kwamba hasara ni yetu sote. Projekta ikiondoka au ikinyamaza, mimi nitalala, na wewe utampata mtu wako siku hiyohiyo. Kwa hiyo naomba:

(a) Uje uichukue, au

(b) Tupate fundi ambaye hajawahi kushuka chini ya ardhi. Nimeshamwita Chirag, yule kijana wa duka la redio Shinyanga mjini. Ameahidi kupita leo.

(c) Ukichagua (a), usije mwenyewe. Watu wa hapa wakikuona wewe, watachimba mpaka chini ya kitanda.

Nisalimie Asteria na watoto, na mama mpishi wa kambi. Wasalimie vijana wote wa duara, uwaambie mvua ikianza wasikubali kushuka, hata ukiwabembeleza; udongo uliolowa hauzuiwi na matimba. Huku mawingu yamekaa tangu Jumanne.

Ni mimi shemeji yako, mwenye heshima zote na usingizi mwingi,

Dorah (Mama Limi)

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, Chirag akafika. Alitazama mpira, akatazama matimba, akanipa pole. Kisha akaitoa projekta sandukuni, akafungua kifuniko kidogo cha ubavuni na kuchomoa chujio, jeusi tititi. "Mama, hii imekula Rwamgasa nzima!" Akalipiga brashi, akairudisha projekta juu ya meza, wazi, dhiraa moja kutoka ukutani, akapunguza mwanga wa taa kidogo. Dakika kumi hazikufika. Shemeji, kimya! Nilimsikia Limi akinyonya kidole. Nikafurahi, nikageuka kumwangalia Ngusa, nikamwona anatoa mabuti yake ya duarani uvunguni, anayagonga tope taratibu ili nisisikie. Na nilisikia, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Hapohapo tone la kwanza likapiga bati.

Lile vumbi la chujio nilikuwa nimelikinga kwenye kopo la unga wa uji. Ngusa alipomsindikiza Chirag barabarani, nimelirudisha lilikotoka. Vijiko viwili. Sasa hivi inaunguruma vizuri sana, mabuti yamerudi uvunguni, na ninaambiwa nisiwe na wasiwasi, sanduku la pili litakuwa kubwa zaidi. Limi amelala kifuani kwake.

Kwa hiyo naomba barua hii uipuuze yote, isipokuwa salamu. Ukimweleza Ngusa, nitawatangazia wenye sululu kwamba duara la Didia ni lako. Mvua zikikatika, chujio nitalipiga brashi mwenyewe. Kifuniko kinapofungukia nimeshapaona.