Mizani Nane kwa Nane

Jumatatu, 3 Juni
Mhariri wa ukurasa wa mashairi kanirudishia shairi. Mara ya nne! Pembeni kaandika kwa wino mwekundu: mizani imepelea. Kinyozi wa mlango wa pili keshatolewa mashairi gazetini mara tano, na kila kichwa anachokinyoa lazima kisomewe. Basi, imetosha! Nimekaa kwenye cherehani, kila silabi naiwekea kifungo. Vinane huku, vinane kule.

Jumanne, 4 Juni
Vifungo vya kopo vimekwisha, nimeazima vya suruali ya mwalimu, mteja wangu. Natoa neno, mstari unapelea. Natia neno, unafurika. Mara mke wangu kaingia, moto mmoja: Suruali ya mwalimu, haijatiwa vifungo! Vidole vyangu vyenyewe vikayapangia maneno yake vifungo. Nane kwa nane! Loo! Miaka kumi na moja naishi na diwani nzima ya mashairi, sina habari!

Jumatano, 5 Juni
Mpango: kumchokoza. Alipomaliza tu kupiga deki, nikapita na viatu vya tope. Akafyatuka: Na wewe umekalia, kunihesabia tungo! Nikamwomba arudie polepole. Akaongeza bila kuombwa: Heri yule wa jirani, hunyoa bila maringo! Mizani timamu, na kina kilekile! Mstari wa nne ulikuja na mwiko; nimeuandika huku nakimbia. Nimetuma jioni hii hii.

Jumapili, 9 Juni
Limetoka! Jina langu kwa herufi nzito! Nimelibandika juu ya cherehani. Kinyozi kanunua nakala sita, nikasema wivu huo. Kumbe kalibandika kwenye kioo, kaupigia wino mstari wa tatu, ule wa heri yule wa jirani, anawaambia wateja kwamba hata fundi mwenyewe kakiri. Ndipo nikausoma. Jamani, mimi nilikuwa nahesabu tu, hiyo maana nani aliisikia? Mwalimu kaja kavaa suruali ile ile, kaifunga kwa kamba. Mke wangu kalisoma gazeti mpaka mwisho, akalikunja. Hajasema neno.

Jumatatu, 10 Juni
Bado kimya. Nimevunja sahani mbili, wapi! Na mhariri kapiga simu: anataka beti sita kabla ya Ijumaa! Nimekaa chini, nimelitafakari kosa langu, nimeliona: nilitegemea mdomo mmoja. Nimempigia mama mkwe aje akae nasi wiki nzima. Yule akianza kugomba hata hapumui! Mke wangu sijamwambia. Akijua, huo ubeti wa saba!